Barua ya wazi: Tufungulieni shahada ya afya ya wanamichezo, na cheo chake kiwepo

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu, Afya, Michezo na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)

Yah: Ombi la kuanzishwa kwa Shahada ya Afya ya Wanamichezo na Uhamasishaji wa Afya

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya serikali, Kanda ya Ziwa. Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ukifika nafungasha jezi, mipira, pampu na sanduku la huduma ya kwanza, napanda basi na wanafunzi. Ombi langu nalitaja mapema ili msilitafute chini ya maneno mengi. Naomba vyuo vikuu vyetu vifungue shahada ya kwanza ya Afya ya Wanamichezo na Uhamasishaji wa Afya, na serikali iingize cheo cha mhitimu wake kwenye muundo wa utumishi wa umma kabla darasa la kwanza halijavaa joho. Naomba yote mawili kwa pamoja. Kozi ambazo wahitimu wake hawana pa kuombea kazi tunazo tayari, na vijana waliozisoma tunaishi nao mitaani.

Mtaalamu ninayemwombea nafasi kazi yake iko uwanjani. Anafika kabla ya wachezaji, anajua nani ana pumu, nani alianguka wiki iliyopita, nani amefunga Ramadhani na anacheza saa kumi jioni hajaweka maji mdomoni tangu alfajiri. Mchezaji akianguka, yeye ndiye wa kwanza kumgusa, na ndiye mwenye mamlaka ya kusema huyu harudi leo, hata kocha akipiga kelele. Baada ya hapo anakaa naye wiki kwa wiki mpaka arejee. Marekani wamekuwa na chama cha taaluma hii tangu 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliitambua kuwa taaluma ya afya. Afrika Kusini wana wataalamu wa baiokinetiki, waliosomea chuo kikuu jinsi ya kutumia mazoezi kuzuia na kutibu majeraha na magonjwa, na wamesajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi yao. Hapa kwetu, kwenye mashindano mengi ya shule, nafasi hiyo anaishika mwalimu aliyepewa sanduku, au mchua misuli aliyejifunzia kazini.

Watanzania tumekua tukisimuliwa habari za John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico City lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka akiwa kwenye mbio za marathon, akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, akichechemea, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Naipenda habari hii na wanafunzi wangu huwa nawasimulia. Ila nikimaliza huwa nawauliza: chini ya ile bendeji kulikuwa na nini? Nani alilitazama goti lile na kupima kama linaweza kubeba kilomita zilizobaki? Ujasiri wa Akhwari ni wake na hakuna wa kuupunguza. Kinachonisumbua ni kwamba sisi tuliobaki tumeugeuza kuwa utaratibu. Mtoto akiumia, kocha anamwambia kaza, wenzake wanamwambia kaza, mzazi aliyepo jukwaani anamwambia kaza. Akikaza anapigiwa makofi, na hakuna anayeuliza habari za goti lake mwezi unaofuata.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathon ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Nchi nzima ilifurahi, nami nilifurahi nikatoa machozi. Lakini mwanariadha hafiki kwenye tofauti ya sekunde 0.03 kwa kukaza peke yake. Anafika kwa miezi mingi ambayo mwili wake ulitunzwa, mazoezi hayakukatizwa na jeraha, na maumivu madogo yalishughulikiwa yakiwa bado madogo. Vijana wengi wenye miguu kama yake wanapotelea njiani kabla taifa halijajua majina yao.

Nitawaeleza habari ya mmoja. Alikuwa kidato cha tatu, mfungaji wa timu yetu ya mpira wa pete, mrefu, mwenye mkono usiokosa. Katika mechi ya ngazi ya wilaya aliruka kupokea pasi, akatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka huku mguu umebaki palepale. Mchezo huu haumruhusu mwenye mpira kuendelea kutembea nao, kwa hiyo mchezaji husimama ghafla, na mzigo wote wa kusimama huko unaishia gotini. Tulisikia mlio. Wenzake wakamzunguka, mmoja akamvuta mguu kuunyoosha, mwingine akamwagia maji, mama mmoja akatoa kanga tukamfunga. Jioni goti lilikuwa limevimba. Mtu mwenye nia njema akamchua kwa dawa ya moto. Kituo cha afya cha jirani kilimpiga picha, kikaona mfupa hauna ufa, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikwisha, akarudi uwanjani. Goti likamwachia tena, mara hii akitembea tu kuelekea mstari. Hakucheza tena mpira wa pete.

Kila aliyemgusa binti yule alitaka kumsaidia. Hakuna aliyefundishwa. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi ligamenti, utepe unaofunga mfupa na mfupa. Ligamenti ya mbele ya goti hupimwa kwanza kwa mikono, goti likiwa limekunjwa kidogo, mkono mmoja ukishika paja na mwingine ukivuta mfupa wa ugoko kuelekea mbele. Mwenye mafunzo humaliza kipimo hicho kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika sentensi hii. Wasichana hupata jeraha hili mara nyingi zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka, na aliyefanyiwa upasuaji hurudi mchezoni baada ya miezi 9 hivi ya mazoezi ya kurejesha nguvu, mara nyingi zaidi. Sisi tulimpa wiki tatu. Mimi nilisomea elimu ya viungo chuo kikuu, na kipimo hicho hakikuwa sehemu ya tuliyofundishwa, kwa sababu kozi yangu ilikusudiwa kutoa mwalimu, na mwalimu ndiye iliyemtoa.

Sehemu kubwa ya majeraha haya huzuilika, na kinga yake ni rahisi kuliko mnavyoweza kufikiri. Kuna programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kuimarisha tumbo na misuli ya nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa mahali pake. Haihitaji mashine. Watafiti waliijaribu Lagos, Nigeria, kwa timu 20 za vijana wa kiume, na matokeo yao yakachapishwa 2014. Timu zilizoitumia zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Ile ni Lagos, yenye joto kama letu, viwanja kama vyetu na vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Ila programu hii hufanya kazi kwa anayeifanya sawasawa msimu mzima, na hapo ndipo anapohitajika mtu wa kusimamia. Karatasi ukutani haimsahihishi mtoto anayetua magoti yakiwa yameingia ndani.

Yapo pia mambo ambayo mwalimu mwenye sanduku hapaswi kuachiwa peke yake. Mchezaji akigongwa kichwa, kanuni ya kitabibu inayofuatwa duniani ni kwamba akishukiwa tu kuwa na mtikisiko wa ubongo hachezi tena siku ile, na kurudi kwake ni kwa hatua sita, kila hatua ikipewa angalau saa 24. Huku kwetu mtoto anamwagiwa maji kichwani, anaulizwa matokeo ni ngapi kwa ngapi, anarudishwa. Joto nalo lina kanuni zake. Mwanariadha aliyeanguka akiwa amechanganyikiwa, joto la ndani ya mwili limevuka nyuzi 40, hupoozwa kwanza pale pale, kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, ndipo apelekwe hospitali. Kumkimbiza na gari mwili ukiwa bado unaungua ni kumpotezea dakika zinazoamua maisha yake. Beseni na barafu vinapatikana hata huku kwetu.

Kuhusu selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, nitasema zaidi kidogo, maana hili ni letu. Takriban watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka Tanzania, na Kanda ya Ziwa na Pwani ni miongoni mwa maeneo yenye wengi. Wanaobeba kinasaba kimoja bila kuugua ni wengi zaidi, na karibu wote hucheza maisha yao yote bila shida. Lakini wachache wao, wakisukumwa ghafla kwenye mazoezi makali kupita kiasi, kwenye joto na bila maji, misuli huanza kufa na moyo unaweza kusimama. Mwanafunzi wa Marekani, Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice, alifariki hivyo 2006. Kuanzia 2010 vyuo vikubwa vya nchi hiyo vikatakiwa kuwapima wanamichezo wao. Sasa fikirieni zile mbio za adhabu, mizunguko ishirini ya uwanja saa saba mchana kwa mtoto aliyechelewa mazoezi, katika nchi yenye selimundu nyingi namna hii. Hatuhitaji kumzuia yeyote kucheza. Tunahitaji mtu anayejua nani apandishiwe mazoezi taratibu, na anayeweza kutofautisha kubana kwa misuli na dalili za hatari.

Na moyo. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga goli, na muda mfupi baadaye akaanguka. Alifariki siku hiyo. Sidai kujua kama angepona, na familia yake ninaiombea faraja mpaka leo. Ninachojua ni kwamba moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na moyo kushtuliwa kwa mashine hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Januari 2, 2023, Damar Hamlin wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, alianguka katikati ya mechi huko Cincinnati, na aliyeanza kumkandamiza kifua ni Denny Kellington, mtaalamu wa afya ya wanamichezo wa timu yake, mwenye kazi hiyo hiyo ninayowaombea vijana wetu. Hamlin alirudi kucheza msimu uliofuata. Timu ile ilikuwa imeshapanga nani anakwenda kwa majeruhi, nani analeta mashine na gari la wagonjwa linapitia wapi. Mpango wa namna hii huandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla ya msimu. Kuuandika na kuusimamia ni sehemu ya mtaala.

Waheshimiwa, huenda mshauri akawaambia kwamba hayo yote ni ya wachezaji wachache na nchi ina mahitaji makubwa zaidi. Ndiyo sababu nimeomba shahada yenye uhamasishaji wa afya ndani yake. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uitwao STEPS, uliofanyika nchini 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Mwishoni mwa 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Lilikuwa agizo zuri, na wananchi walilipokea. Tazameni barabara za Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi: vikundi vya jogging vyenye sare, nyimbo na viongozi wao, kina mama wa miaka hamsini pamoja na vijana wa bodaboda. Mwanza tunavyo pia. Watu wameshatoka nje kufanya mazoezi, na karibu hakuna mtaalamu aliyetoka kwenda kuwakuta.

Mama mwenye presha ya 180 anakimbia kilomita kumi kwa siku yake ya kwanza kwa sababu kikundi kinakimbia kilomita kumi. Mwenye kisukari hajaambiwa aangalie nyayo zake baada ya mbio wala abebe kitu kitamu mfukoni. Mzee aliyeumia goti anaacha kabisa mazoezi, anaongezeka uzito, na sukari inapanda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kwa siku. Kumwambia mtu takwimu hizo ni kazi ya dakika moja. Kumpimia kiasi chake kufuatana na mwili, umri, dawa anazotumia na kazi anayofanya ni taaluma. Mkataba wa Ottawa wa 1986, unaotajwa kila panapozungumzwa uhamasishaji wa afya, ulisema afya hujengwa pale watu wanapoishi, wanapojifunza, wanapofanya kazi na wanapocheza. Mhitimu ninayemsema atakuwa shuleni asubuhi, uwanjani jioni, na kwenye kikundi cha jogging Jumamosi. Mshahara wake mmoja utafanya kazi sehemu tatu.

Kuhusu pa kuanzia, hatuanzi sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kilomita chache kutoka hapo, Muhimbili, kuna chuo kikuu cha afya (MUHAS), Taasisi ya Mifupa MOI na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko jiji hilo hilo. Moshi kuna hospitali ya KCMC iliyofundisha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kwa miongo mingi, kuna Kilimanjaro Marathon kila mwaka, na wakimbiaji wa Arusha na Manyara wako jirani. Malya, wilayani Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo, ambacho kwa mtu wa kanda hii ni fahari. Elimu ya kozi hii imeshatawanyika kwenye taasisi hizi. Haijawahi kuwekwa chini ya paa moja ikapewa mtaala, wakufunzi wa pamoja na saa za vitendo.

Msisitizo wangu mkubwa uko kwenye saa za vitendo. Naomba TCU isikubali mtaala ambao mwanafunzi anakutana na majeruhi kwa mara ya kwanza mwaka wa nne. Tangu mwaka wa pili akae na timu, chini ya mkufunzi mwenye leseni, afunge enka zinazovuja jasho, aandike kumbukumbu za kila jeraha, akae wodini MOI aone mwisho wa jeraha lililopuuzwa mwanzoni, kisha aende kijijini na kikundi cha mazoezi. Asome anatomia mpaka aiote. Marekani wamehamishia taaluma hii kwenye shahada ya uzamili, na tangu 2022 hawapokei tena wanafunzi wapya ngazi ya shahada ya kwanza. Kwa maoni yangu tusiwafuate hapo kwa sasa. Sisi tunahitaji watu wengi, mikoa yote, na shahada ya miaka minne yenye vitendo vya kweli inatutosha kuanza.

Wapo watakaosema wafiziotherapia wanatosha. Nawaheshimu sana, na ningependa wawe walimu wa kwanza wa kozi hii. Lakini mgonjwa huwafikia akiwa ameshaumia, na hospitali nyingi za wilaya hazinao wa kutosha hata kwa waliopata kiharusi na ajali za pikipiki. Kuwaongezea na viwanja ni kuwaonea.

AFCON ya 2027 tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Arusha uwanja unajengwa, na kwenye mechi zile CAF itadai madaktari, mashine za kushtua moyo na magari ya wagonjwa, navyo vitakuwepo. Ninawaza Agosti 2027, wageni wameshaondoka, ligi ya mkoa inaanza, na UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya mwaka unaofuata inaandaliwa. Hata darasa likianza kabla ya mashindano hayo, halitakuwa limehitimu wakati huo, lakini wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wanaweza kukaa pembeni ya uwanja wakati wa AFCON wakajifunza kwa kuona jinsi huduma ya kiwango hicho inavyopangwa. Nafasi hiyo haitarudi karibuni.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Wizara ya Elimu na TCU ziwaite UDSM, MUHAS, KCMC na Malya mezani, na ziwape muda maalumu wa kuleta mtaala mmoja. Wizara ya Afya iamue mhitimu atasajiliwa na baraza gani, na itaje wazi anachoruhusiwa kufanya na asichoruhusiwa, ili asiwe tishio kwa daktari wala mtumwa wa kocha. Utumishi na TAMISEMI waandike cheo chake na kuanza na nafasi moja kwa kila halmashauri, mtu mmoja anayezunguka shule zake na vikundi vyake, kabla hatujaota kumweka kila shule. Bodi ya Mikopo iiweke kozi kwenye orodha ya kipaumbele pamoja na kozi nyingine za afya. Na wakati tukisubiri, waraka mmoja tu wa TAMISEMI unaweza kuagiza kwamba hakuna kituo cha UMISSETA kinachoanza mechi bila mpango wa dharura ulioandikwa, na kwamba mtoto aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku ile. Waraka huo hauhitaji bajeti.

Nina wanafunzi wawili wa kidato cha sita, mchepuo wa sayansi, wote wachezaji, wanaoniuliza wajaze kozi gani vyuoni. Wanataka kazi hii ninayoieleza. Nimewaambia waangalie fiziotherapia kwanza. Nitafurahi mkinipa jibu lingine la kuwapa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo
Kanda ya Ziwa